Kijivu Kwanza

Maisha yangu yote ya kazi nimetia rangi vitu ambavyo havikuwa nayo: picha za studio za nyeusi na nyeupe, karatasi tupu za mabango, nyuso za watu waliotangulia mbele ya haki kabla filamu ya rangi haijafika mjini kwao. Nilianza kwa pamba na rangi za mafuta, nikahamia kwenye fremu za skrini na wino, nikaishia kwenye kompyuta. Vifaa vimepokezana, lakini jambo nililofundishwa Tanga nikiwa kijana bado ndilo ninaloanza nalo kila kazi inapoingia. Kabla hujauliza kitu hiki kina rangi gani, uliza kina mwanga kiasi gani. Rangi yoyote, iwe nyekundu, kijani au zambarau, ina kijivu chake ndani, chepesi au kizito, na kijivu hicho kikikosewa hakuna rangi itakayokuokoa.

Katikati ya miaka ya 1970 filamu ya rangi kwetu Tanga ilikuwa adimu, na aliyeipata alihangaika pa kuisafishia. Kwa hiyo mteja aliyetaka picha ya harusi yenye rangi alipigwa kwa nyeusi na nyeupe, kisha picha ikaletwa chumba cha nyuma, kwetu. Nilikuwa chini ya fundi mmoja mtu mzima ambaye sote tulimwita Mzee. Alijifunza kazi kwa wapiga picha wenye asili ya Kihindi, maana hao ndio waliozifungua studio nyingi za pwani, na alipenda kutaja majina ya mabingwa: Ranchhod Oza, aliyeanzisha Capital Art Studio Unguja mwaka 1930, Parekh wa Mombasa, na Omar Said Bakor wa Lamu, ambaye alikata na kuunganisha picha kadhaa zikawa moja, kwa mkono. Mzee alizungumza juu yao kama watu wengine wanavyozungumza juu ya wanazuoni wao.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Kwanza picha ilichapwa kwenye karatasi isiyong'aa, kwa sababu ile ya kung'aa haishiki mafuta. Kisha iliogeshwa dawa ya kuigeuza kahawia, yenye salfaidi ndani, na chumba kizima kikanuka mayai viza mpaka jioni. Ilipokauka tuliipangusa na tapentaini, ndipo tukaanza. Rangi zenyewe zilipitisha mwanga. Hazikufunika picha, ziliipaka utando tu, ili kila kivuli na kila mkunjo wa nguo uendelee kuonekana chini yake. Unachovya pamba iliyozungushwa kwenye njiti, unapaka, kisha unachukua pamba kavu na kuifuta ile rangi karibu yote, kinabaki kiasi kidogo mno, na kidogo hicho ndicho kazi.

Jambo moja lilinishangaza mwanzoni. Ukipaka rangi kwenye sehemu nyeusi kabisa ya picha, haionekani. Ukiipaka kwenye sehemu nyeupe kabisa, inaonekana imebandikwa, haina mwili. Rangi inakaa vizuri katikati tu, kwenye vijivu. Ndiyo maana Mzee alikuwa akigombana na mtu wa chumba cha giza kila wiki: alitaka picha zote za kutiwa rangi zichapwe nyepesi kuliko kawaida, vivuli vifunguke, ili rangi ipate mahali pa kukaa. Aliyechapa aliona anaharibiwa kazi yake, kwa sababu picha nyepesi peke yake inaonekana imepauka. Mzee akamwambia, "Ngoja niipe rangi kwanza, halafu uje uitazame." Nilijifunza hapo kwamba rangi hufanyiwa nafasi mapema, na anayeifanya nafasi hiyo ni mtu mwingine kabisa, kwenye giza, kwa nyeusi na nyeupe.

Mtihani wenyewe ulikuwa ngozi. Kwenye seti yetu ya rangi za Marshall's, zilizotoka Marekani, palikuwa na tyubu iliyoandikwa kwamba ni rangi ya ngozi. Ndani yake mlikuwa na waridi. Mzee hakuigusa isipokuwa kwa kupaka maua. Ngozi aliichanganya mwenyewe juu ya kipande cha kioo: kahawia, njano ya udongo, chembe ya nyekundu. Mtu wa maji ya kunde alimwongezea njano. Mtu mweusi ti alimwachia kivuli cha picha kifanye kazi, akapitisha wekundu kidogo sana kwenye sikio na ncha za vidole, na juu ya mfupa wa shavu, pale mwanga wa mbingu unapoangukia, akagusa buluu isiyozidi pumzi. Nilipoiona buluu ile mara ya kwanza nilidhani macho yake yamechoka. Nikatoka nje nikatazama mashavu ya watu waliokuwa wamekaa barazani, na buluu ilikuwepo.

Alikuwa na desturi nyingine ninayoishika hadi leo. Mteja alipokuja kupigwa picha, Mzee aliandika rangi za nguo zake juu ya bahasha ya negativu: shati samawati, sketi damu ya mzee, kilemba cha njano iliyochuja. Studio nyingine zilikisia. Mzee alisema kukisia nguo ya mtu ni kumvika nguo ya mwingine.

Miaka ya 1980 nilihamia Dar es Salaam, nikapata kazi kwenye karakana ya kuchapa mabango kwa skrini, upande wa Gerezani. Hapa hapakuwa na utando wala kufuta kwa pamba. Kila rangi ilihitaji fremu yake ya mbao iliyovutiwa kitambaa, na kila fremu ilikuwa gharama, kwa hiyo mteja alilipia rangi mbili, tatu akiwa na uwezo. Nilikaa na ufinyu ule miaka mingi na ninaushukuru. Ukipewa fremu mbili unajifunza kwamba una rangi nne: wino wa kwanza, wino wa pili, mahali zinapopandana, na weupe wa karatasi. Njano ikilazwa chini na buluu ikapitishwa juu, pale zinapokutana unapata kijani usichokilipia. Tulianza daima na wino mwepesi, tukamalizia na mzito. Bango la ngoma ya taarabu la njano na zambarau, ambalo mahali rangi zilipopandana palitoka kahawia nzito iliyokaribia nyeusi, lilisomeka vizuri kutoka upande wa pili wa barabara kuliko mabango ya rangi nyingi yaliyokuwa kando yake.

Mwenye karakana alikuwa amesoma uchapaji Ujerumani, na kwenye rafu yake palikuwa na vitabu vya rangi ambavyo mafundi wengine walivitumia kukandamizia karatasi zisipeperuke. Aliponiona navifungua akaanza kunifasiria ukurasa mmoja mmoja baada ya kazi. Humo ndimo nilimokutana na Michel Eugène Chevreul, mkemia Mfaransa aliyepewa mwaka 1824 kusimamia kazi ya kutia nyuzi rangi kwenye kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Watu walimlalamikia kwamba nyuzi zake nyeusi ni dhaifu, hazikolei. Alizipima, akazilinganisha na nyuzi nyeusi za viwanda vingine, akakuta hazina kasoro. Kasoro ilikuwa kwenye ujirani. Nyeusi iliyofumwa kando ya buluu nzito ilipoteza nguvu, kwa sababu jicho huichukua rangi moja na kuisukuma jirani yake upande wa kinyume. Kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1839. Mimi nilikisoma kama barua iliyoandikwa kwangu, maana siku zile zile tulikuwa na mteja aliyerudisha mabango akidai nyekundu tuliyompa si ile aliyoichagua. Nyekundu ilikuwa ile ile. Aliichagua juu ya karatasi nyeupe, sisi tukaichapa juu ya kijani.

Kitabu kingine kilikuwa cha Josef Albers, Mjerumani aliyefundisha Bauhaus kisha Marekani, kilichotoka mwaka 1963. Zoezi lake mashuhuri ni kuchukua kipande kimoja cha rangi, kukiweka juu ya mandhari mbili tofauti, na kukifanya kionekane rangi mbili. Yeye alitumia karatasi za rangi. Mimi niliokota vipande kwa fundi cherehani aliyekuwa jirani yetu, mabaki ya khanga na vitenge, nikavibandika ukutani. Kipande cha kahawia kilionekana chekundu juu ya kijani na cha kijani juu ya nyekundu. Nikagundua pia kitu ambacho wanaouza khanga wanakijua bila kitabu: khanga haionyeshwi mteja peke yake, inatandikwa juu ya nyingine, na muuzaji mzuri anajua aitandike juu ya ipi.

Mabango yaliyonifundisha zaidi kuliko vitabu ni ya mpira. Simba ni nyekundu na nyeupe, Yanga ni kijani na njano, na kila mteja wa bango la watani wa jadi anataka jambo moja: nusu nyekundu, nusu kijani, na maandishi ya upande mmoja yavuke kwenda upande wa pili. Karibu wote wanalitaka hivyo, na wanavyolifikiria ni sawa kabisa, maana nyekundu na kijani ni rangi zinazokabiliana kwenye gurudumu la rangi na zinapaswa kuchochea. Tatizo ni kwamba nyekundu ya Simba na kijani cha Yanga, ukizitoa rangi zikabaki kijivu, zinakaribiana mno. Maandishi mekundu juu ya kijani hicho yanatetemeka machoni, kingo zake hazitulii, na ukisogea hatua chache yanazama. Kwa wanaume wenye upofu wa rangi nyekundu na kijani, ule ambao John Dalton wa Uingereza aliueleza mwaka 1794 akijichunguza mwenyewe, hayapo kabisa. Dawa imo ndani ya jezi zenyewe. Nyeupe ya Simba na njano ya Yanga ndizo rangi nyepesi; ukizipa hizo kazi ya kubeba herufi, au ukaandika kwa nyeusi juu ya ukanda wa njano, bango linasomeka kutoka ndani ya daladala inayokwenda. Kwenye skrini za leo mambo haya yana hesabu: mwanga tunaouona kwenye nyeupe ya kompyuta, kijani hutoa takriban asilimia 72, nyekundu 21, buluu 7. Ndiyo sababu njano, ambayo kwenye skrini ni nyekundu na kijani pamoja, inawaka vile, na buluu tupu ni karibu usiku.

Na kuna jua. Bango la Dar es Salaam halikai ndani ya jengo la maonyesho. Tazama tangazo lolote la zamani lililochapwa kwa rangi nne na kuachwa ukutani: limegeuka buluu. Wino wa njano na wa majenta hufa mapema juani, siani na nyeusi hubaki. Nimeona matangazo ya kampeni za afya ambayo neno la onyo, lililoandikwa kwa nyekundu kwa nia njema, lilikuwa la kwanza kutoweka, na picha ya mtu anayetabasamu ikabaki peke yake. Tangu nilipolitambua hilo, neno ambalo mtu lazima alisome naliandika kwa nyeusi. Nyekundu naiweka pembeni, ivutie macho siku za mwanzo, na ikifa isiondoke na ujumbe.

Nilipoingia kwenye ofseti nilirudi kwenye ngozi. Ofseti hujenga picha kwa nukta za wino nne, kila moja imelazwa kwa pembe yake: siani 15, majenta 75, njano sifuri, nyeusi 45, ili zisigongane na kufanya mawimbi. Weka kioo cha kukuzia juu ya uso wa mtu kwenye jarida utaona hakuna kahawia popote, kuna nukta tu. Mafundi wengi walichapa uso wa Mwafrika kwa kurundika wino mweusi, na uso ukatoka wa majivu, hauna damu ndani. Njia ninayoiamini ni nyingine. Njano ikae juu kidogo ya majenta, siani ipande kutoka robo mpaka kufikia nusu ya majenta kadiri ngozi inavyozidi weusi, na wino mweusi uje mwisho kuchonga umbo tu. Jumla ya wino isipite kile karatasi inachobeba, takriban asilimia 300 kwa karatasi ya kung'aa na 240 kwa ya gazeti, la sivyo kurasa zinagandana. Weusi wa ngozi una wekundu ndani yake, na mchapaji anayeuzima wekundu huo amemzima mtu.

Maabara za picha za rangi zilipoenea mjini, kosa lile lile lilikuja kwa sura nyingine. Mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe alitoka na kanzu nzuri na uso usiosomeka. Tulidhani ni uzembe wa wafanyakazi wa hapa, na wengine walikuwa wazembe kweli, lakini asili yake ilikuwa mbali. Kodak, tangu miaka ya 1950, ilituma kwenye maabara duniani kote kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke Mzungu, zikaitwa Shirley kwa jina la wa kwanza wao. Mashine ilisawazishwa mpaka Shirley atoke vizuri, basi, wengine wote walifuata. Waliofanya kazi Kodak wamesimulia kwamba malalamiko yaliyosukuma filamu ionyeshe vizuri kahawia nzito yalitoka kwa watengenezaji wa samani za mbao na chokoleti. Habari hiyo iliniumiza nilipoisoma na bado inaniuma. Mzee, na njiti zake za pamba, aliwatendea haki watu ambao kiwanda kikubwa kabisa cha filamu hakikuwafikiria.

Kompyuta niliipokea kwa furaha. Photoshop, ilipoanza kuwa na tabaka mwaka 1994, ilirudisha kazi ya chumba cha nyuma: picha ya kijivu chini, utando wa rangi juu, na unaweza kuufuta utando bila kuigusa picha. Kuna namna ya kuchanganya tabaka inayochukua aina ya rangi na ukolevu wake kutoka juu, na mwanga wote kutoka chini. Vijana wengi wanaanzia hapo, wanachagua kahawia moja, wanapaka uso mzima, wanashangaa kwa nini unafanana na plastiki. Uso si rangi moja. Paji la uso lina njano zaidi, pua na mashavu yana wekundu, eneo la ndevu limepoa kuelekea kijivu, kiganja ni chepesi na chekundu kuliko mgongo wa mkono, na pale ngozi inapong'aa kabisa rangi si ya ngozi tena, ni ya mwanga ulioiangukia. Uso mmoja naupa tabaka tano au sita, na bado naweka picha ya mtu hai mwenye ngozi ya namna ile kando ya skrini.

Lakini kitu kilichonishughulisha zaidi katika miaka hii ni kwamba kijivu cha picha ya zamani hakisemi kweli daima. Filamu nyingi za kale, zile za othokromatiki, hazikuona nyekundu. Studio zilizipenda kwa sababu fundi aliweza kuzisafisha chini ya taa nyekundu akiziangalia. Kodak yenyewe iliendelea kuuza Verichrome, filamu yake maarufu ya namna hiyo, tangu 1931 mpaka ilipoletwa Verichrome Pan mwaka 1956. Kwenye filamu hizo nyekundu hutoka karibu nyeusi, na buluu hutoka karibu nyeupe. Midomo inakuwa myeusi. Ngozi yetu, yenye wekundu mwingi, inatoka nzito kuliko ilivyokuwa.

Miaka michache iliyopita dada mmoja aliniletea picha ya harusi ya bibi yake, iliyopigwa Pangani miaka ya 1950. Alikuwa ameshaipitisha kwenye programu ya simu inayotia rangi yenyewe. Programu za namna hii zimetokana na utafiti uliopamba moto mwaka 2016, pale Zhang, Isola na Efros walipoifundisha mashine kwa picha zaidi ya milioni moja ikisie rangi kutoka kwenye kijivu, na zinafanya mambo ya ajabu kwa nyasi na mbingu. Bibi harusi zilimvika kitambaa cha kahawia. Nguo ilikuwa karibu nyeusi tupu pichani, na vidoa vyeupe, na mashine ilichagua rangi ambayo haimkosei wala haimpatii mtu yeyote.

Mimi nilitazama vile vidoa na mpangilio wa pindo nikasema hii ni kisutu, khanga ya bibi harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Kusema hakutoshi. Nilimwomba dada yule alete kisutu kutoka kwao. Nikakipiga picha kwa kamera ya kisasa kwenye kivuli cha mlango, nikaifungua kwenye kompyuta, nikaondoa sehemu yote ya mwanga mwekundu, nikabakisha kijani na buluu, nikaigeuza kijivu. Kwa njia hiyo kamera ya leo inaona kama filamu ya zamani. Nyekundu ya kisutu ilizama palepale ikaungana na nyeusi, vikabaki vidoa vyeupe juu ya giza, sawasawa na ile ya Pangani. Kisha nikaikagua picha ya zamani kwa ukaribu, nikavifungua vivuli vyake pole pole, na ndani ya lile giza palikuwa na tofauti ndogo, hafifu, ya mahali nyekundu ilipokoma na nyeusi ilipoanza. Nikaifuata kwa kalamu, ua kwa ua.

Hapo ndipo somo la Mzee lilipopata uzito mpya. Nikipaka nyekundu juu ya kijivu kile kizito ningepata damu ya mzee, si nyekundu ya harusi. Ilibidi nikinyanyue kijivu chenyewe kwanza, sehemu za nyekundu peke yake, mpaka kifike mahali ambapo kisutu halisi kingekuwa, ndipo rangi iingie. Ngozi ya bibi nayo ilihitaji kunyanyuliwa, na hapo niliogopa. Wateja wengi wananiomba nimfanye marehemu wao awe mweupe zaidi, na jibu langu ni hapana, sijawahi kulibadili. Sasa nilikuwa mbele ya picha ambayo filamu ndiyo iliyomtia bibi weusi usio wake, na kuuacha pia ni kumsingizia. Nikataka kumwona mwenyewe.

Alikuwa hai, Pangani, amekaa kwenye mkeka. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu, ndiye mwenye picha yangu?" Nilimwomba ruhusa nipige picha mkono wake upande wa ndani, ambako jua halikuufikia sana, nikapima rangi ya ngozi kutoka pale. Maji ya kunde, yenye wekundu wa chini kwa chini. Nilipomwonyesha kazi kwenye kompyuta ndogo alikikagua kisutu muda mrefu, akanionyesha mahali ambapo ua moja halikuwa jekundu bali jeusi, nikalirekebisha hapo hapo. Mkufu nilioupa dhahabu akasema ulikuwa wa fedha, wa kuazima kwa shangazi yake.

Nyuma ya maharusi palikuwa na mlango niliouacha kijivu. Sikuwa na ushahidi wa rangi yake, na nisichokijua nakiacha hivyo hivyo mpaka apatikane wa kukisema, hata mteja akinung'unika kwamba nimemaliza nusu. Bibi akaugusa kwa kidole kwenye skrini.

"Huu mbona hukuutia?"

"Sikuujua, bibi."

"Buluu. Shemeji yangu aliupaka rangi iliyobaki kwenye mashua yake."

Niliitazama tena ile picha ya asili. Mlango ulikuwa mweupe mweupe, mwepesi kuliko ukuta wa chokaa ulio kivulini, na hivyo ndivyo filamu ile inavyoiona buluu. Nikamuuliza buluu ipi, akamtuma kijana wa nyumbani anipeleke mtoni, kwenye mashua za wavuvi. Tulizipitia moja moja. Nilizipiga picha tatu zilizokaribia, nikarudi nazo mkekani, akaikataa ya kwanza, akaikataa ya pili, ya tatu akasema iwe nzito kidogo, maana siku ile mlango ulikuwa bado mpya.

Kijivu cha mlango nikakishusha, kisha nikautia buluu yake.